Kava Limepasuka, Usilifiche!

Juzi mume wangu karudi na pikipiki toka Mgeta, katulia kama maji mtungini. Asubuhi ndo naona: kava la ubavuni limepasuka! Kumbe alianguka kwenye zile kona za Uluguru, akaogopa kusema kwa vile tunadunduliza kodi ya nyumba.

Basi tukalifungua. Nyuma ya kava nyingi kuna herufi. Ukikuta ABS, fundi anaweza kuliunga kwa gundi ya epoksi au kwa moto. Ukikuta PP, gundi za kawaida hazishiki vizuri. Lichomelewe kwa plastiki ya aina hiyohiyo. Atoboe kwanza kitundu mwisho wa ufa usizidi kukimbia. Kama masikio ya skrubu yamekatika vipandevipande, nunua jipya tu.

Ila kava ni nguo. Kabla ya rangi, kagua usukani, shokapu za mbele na breki.

La kwetu limeungwa, kodi imepona. Lakini kulala na mtu ana goti limevimba bila mimi kujua? Hapo niliumia, jamani. Sasa tumekubaliana: ukianguka, simu kwanza!