Vitabu vya Tawi Vibaki Tawini

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano mkuu ujao litaletwa shauri la kuhamishia ofisi kuu vitabu na fedha zote za matawi. Wanaolitaka wasema gharama zitapungua. Mimi katibu ningepata nguvu zaidi kwa shauri hilo. Walakini nalipinga, na sababu yangu ni habari ya wakulima wa pamba wa Mwanza.

Mtu atokaye mjini Mwanza hufika Usagara, penye njia panda ya kwenda Shinyanga na Geita. Pande zote mbili ni nchi ya pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa huko walinung'unika kuwa mizani za wanunuzi zawapunja. Hawakuanza kwa kujenga ofisi kubwa. Waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia. Kisha vikaundwa vyama vya msingi vijijini, vyama hivyo vikaunda vyama vikuu, na mwaka 1955 vyama vikuu vikaungana kuwa Shirikisho la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Kilele kilikuja mwisho.

Shirikisho likawa kubwa mno, na malalamiko yakawa mengi. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati kuchunguza vyama vya ushirika. Mwaka 1968 vyama vikuu vya huko vikaunganishwa kuwa chama kimoja, Nyanza. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima vikafutwa Bara kwa amri ya serikali. Sheria ya kuvirudisha ikaja 1982. Mambo makubwa yakaamuliwa juu, na mkulima akapewa habari tu.

Huenda mtu akasema kuwa hata tawini fedha huibiwa. Ni kweli. Lakini mwizi wa tawini huulizwa na jirani zake, nao wajua karafuu walizopima. Wa ofisi kuu ataulizwa na nani?

Basi nashauri hivi: vitabu vibaki matawini, ofisi kuu ipeleke mkaguzi kila msimu, na hesabu zisomwe mbele ya wanachama. Ninyi mnaojua tangu utoto jinsi mkarafuu unavyopandwa hamhitaji kuambiwa kuwa kileleni hakufikiwi pasipo kukanyaga matawi ya chini.

Njooni mkutanoni, mseme wenyewe.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wenu