Fungueni Kasha la Bibi

Jamaa zangu wa Mombasa, mlioko nyumbani na mliohamia Maskati au Dubai, nina ombi moja. Lifungueni kasha la bibi.

Chini kabisa, chini ya leso na vifuko vya udi, huenda mkakuta karatasi zilizogeuka manjano, zenye Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tafadhalini msizitupe. Yawezekana mojawapo ni Sahifa, lile gazeti la zamani.

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kuitoa kila wiki hapa Mombasa. Ilikuwa karatasi moja tu, na jina lake ndilo hilo: ukurasa. Humo alisema na watu wake kama mzee asemavyo na wanawe barazani, juu ya elimu, na kwamba wasichana wasiachwe nyuma, juu ya uvivu, na juu ya kuwaiga Wazungu yasiyofaa na kuyaacha yanayofaa. Mwaka 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Baadaye, 1937, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na akafariki 1947. Baadhi ya makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu Uwongozi, na kitabu hicho kimetufaa sana. Lakini karatasi yenyewe ina ya kwake: tarehe, na pengine hesabu ya unga aliyoiandika msomaji pembeni.

Kuisoma ni kazi ya watu wawili. Katika hati nyingi za kale herufi ba husimama mahali pa b, p na hata mb, kwa hiyo neno lile lile laweza kuwa bata, pata au mbata. Kijana mwenye macho mazuri ataziona nukta. Mzee ndiye atakayejua kama shairi au barua inazungumzia ndege au nazi kavu. Wazee hao wanapungua, nasi tunawazika na usomaji wao.

Basi karatasi msiibandike selotepu wala msiipige pasi. Ilazeni kwenye kitambaa cheupe karibu na dirisha, muipige picha kwa simu pande zote mbili, mwandike ilikuwa ya nani. Picha wapelekeeni watu wa makumbusho ya Fort Jesus. Karatasi yenyewe mkitaka ibaki kwenu.

Anzeni Ijumaa hii, baada ya kula, kabla babu hajajinyoosha.