Tusitupe Asili



Mwaka jana, nilipokuwa Kidato cha Tatu, naliandika mwongozo wa kurasa mbili kwa wadogo zetu wanaoingia chumba cha kompyuta: namna ya kuanza waraka, kuuhifadhi na kuuchapa. Tukaubandika ukutani. Mimi, kwa ujinga wangu, nikalifuta faili, nikidhani kazi imekwisha. Muhula huu limewekwa toleo jipya la programu, na vitufe vimehama mahali pake. Mwongozo sasa wawapoteza watoto, wala siwezi kusahihisha mstari mmoja bila ya kuuandika wote upya.

Kwetu Kilwa (mimi ni mtoto wa Kikole) hasara ya namna hii ni ya zamani. Habari za masultani wa Kilwa ziliandikwa, lakini kitabu cha asili kimepotea. Twategemea muhtasari wa Kireno wa João de Barros, uliochapwa mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyonakiliwa Unguja katika karne ya 19. Hizo mbili hazipatani katika majina ya wafalme wala miaka yao. Nani atatuamulia?

Watazameni watu wa programu huria. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Tafsiri za programu kama hizo huwekwa mara nyingi katika faili la maandishi matupu: mstari wa asili juu, tafsiri yake chini. Asili ikibadilika, tafsiri ya zamani hutiwa alama ya shaka mpaka mtu aitazame. Tena, tangu 2005 wanayo Git, ambayo hutunza kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe na maelezo yake. Wengi wao huiweka miongozo pamoja na programu yenyewe, ili anayebadilisha hii asahihishe na ile.

Wako wasemao ya kwamba huku ni kujisumbua. Asiyejua na amwulize kaka wa kidato cha juu. Lakini mwezi wa Novemba kaka huyo atafanya mtihani na kwenda zake. Mimi ni mmoja wao.

Sisi hatuhitaji Git. Faili la asili liwekwe mahali pawili, na kila alisahihishaye aandike juu yake jina na tarehe. Nimekwisha kuandika upya ukurasa wa kwanza. Namwomba mmoja wa Kidato cha Pili ajitokeze, tuandike wa pili pamoja, aupokee kabla sijaondoka.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne