Mtungi ukiuzwa mara ya pili, mfinyanzi anapata nini?

Mwaka 2019, jumba la sanaa la Hepworth Wakefield, kaskazini mwa Uingereza, lilionyesha kazi zaidi ya 50 za Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Mitungi yake ilipangwa pamoja na vyombo vya kale vya Ugiriki na Misri, hata mavazi na vitambaa vya enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza.

Ufinyanzi wenyewe si mgeni kwa wengi wenu. Odundo hatumii gurudumu. Hujenga chombo kwa mkono, hupaka tope laini, husugua mpaka king'ae, kisha huchoma. Hewa ikiingia vizuri tanuruni, mtungi hutoka mwekundu. Ikizuiwa, moshi huufanya mweusi. Miaka ya 1970 alijifunza Abuja, Nigeria, alikofanya kazi Ladi Kwali, mama ambaye picha yake iko kwenye noti ya naira 20.

Mtungi mmoja wa Odundo umewahi kuuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 200,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 25 za Kenya. Lakini fedha za mnada humwendea aliyekuwa na mtungi, si aliyeufinyanga. Ndiyo maana tangu 2006 sheria ya Uingereza humpa msanii fungu dogo kazi yake ikiuzwa tena.

Kenya nayo iliingiza haki hiyo katika sheria ya hakimiliki mwaka 2019: asilimia 5 ya bei halisi. Jumba la sanaa likiuza tena mtungi wako kwa shilingi 100,000, basi 5,000 ni zako. Na sheria haiishii kwenye picha za kuchora; inataja pia vitambaa vilivyofumwa kwa picha na kazi za mikono.

Shida tunayoiona ni jina. Kwenye maonyesho kila chombo kina kadi ya aliyekitengeneza. Kiondo huondoka kijijini na dalali bila jina lolote, kwa hiyo hata kikifika ghalani Nairobi na kupanda bei mara kumi, hakuna wa kudai.

Mfinyanzi anaweza kuchora jina chini ya chungu kabla hakijakauka. Msusi anaweza kushona kitambaa chenye jina ndani ya kiondo. Dalali anaweza kukikata, kwa hiyo piga picha kwa simu kabla ya kuuza, uandike tarehe, bei na namba ya aliyenunua. Mkisuka kwa kikundi, andikeni jina la kikundi na la aliyesuka.