Moshi wa Mpimaji

Katika Ncha ya Kusini, kwenye kituo cha utafiti cha Marekani kiitwacho Amundsen-Scott, hewa imekuwa ikipimwa mfululizo tangu miaka ya 1970. Wakati wa kipupwe chembechembe zielezo humo hushuka hadi makumi machache tu katika kila sentimita moja ya ujazo, ilhali hewa ya mjini huwa na maelfu kwa maelfu.

Chembe hizo ni ndogo mno kuonekana. Kwa hiyo hewa hupitishwa penye mvuke wa spiriti, kisha hupozwa. Mvuke huganda juu ya kila chembe na kuikuza, hata iweze kuhesabiwa inapokatiza mwale wa mwanga. Lakini kifaa hiki hakibagui. Chumvi ya baharini iliyopeperushwa kutoka mbali na masizi ya jenereta ya kituo, vyote kwake ni chembe tu. Na kituo hakina budi kuchoma mafuta usiku na mchana, la sivyo watu watakufa kwa baridi.

Ndiyo maana maabara ya hewa ilijengwa kando, upande utokako upepo, na magari hayaendi mbele yake bila kibali. (Mahali hapo kila upande ni kaskazini, wataalamu wameafikiana kuuita hivyo upande wa Greenwich peke yake.) Hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka kutoka nyanda za juu za barafu, aghalabu kwa njia ileile. Upepo ukigeuka na kuvuma kutoka kituoni, hesabu hupanda ghafla, na vipimo vya saa hiyo hutiwa alama ya uchafu, visiingizwe katika wastani.

Kuvitenga ni sawa. Atafutaye hali ya hewa ya dunia nzima asidanganywe na moshi wa jiko lake. Kosa ni kuviona kuwa takataka, kwani ndivyo vinavyoeleza mtafiti mwenyewe anafanya nini mahali alipokwenda kupatafiti. Itifaki ya Madrid ya 1991, iliyoanza kutumika 1998, inazitaka nchi zichunguze mara kwa mara athari za shughuli zao huko Antaktika.

Wako wasemao kwamba moshi wa watu wachache si kitu mbele ya bara kubwa namna hiyo. Hoja hiyo ni dhaifu, maana masizi hayaenei sawasawa. Utafiti uliotangazwa 2022 ulionyesha kuwa theluji iliyo karibu na vituo, na mahali washukapo watalii, ina masizi mengi kuliko theluji ya kwingineko barani humo. Nayo theluji iliyotiwa weusi hufyonza joto la jua na kuyeyuka upesi.

Ubelgiji ilifungua kituo cha Princess Elisabeth mwaka 2009, kinachoendeshwa kwa nguvu za upepo na jua. Vituo vingine navyo vyaweza kupunguza moshi wake. Lakini pasipo kuchapisha hesabu za saa chafu kando ya zile za saa safi, ni nani atakayejua kituo kipi kimepunguza, na kwa kiasi gani?