Kadi si Hisa: Kwa Wabeba Boksi Wenzangu

Naomba radhi mapema kwa watakaoguswa, maana leo nina la kusema na sitalisema kwa mafumbo.

Siku hizi tukikutana, iwe arusini, msibani au kwenye futari, hakosekani kijana wa kukuvuta pembeni, akafungua simu na kukuonyesha kadi ya besiboli. "Kaka, hii nimeinunua dola mia nne, mwakani inafika elfu mbili." Kijana huyo hajawahi kutazama mchezo wa besiboli hata mmoja mpaka mwisho. Ukimuuliza mchezaji wa kwenye kadi alikuwa nani, inabidi aigeuze asome nyuma. Kadi yenyewe imefungwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba juu yake, na ukweli ni kwamba namba ile ndiyo aliyoinunua.

Simcheki mtu kwa kupenda vitu vya kale vya besiboli. Mimi mwenyewe navipenda. Ninachogombana nacho ni imani hii kwamba kitu cha kale ni hisa: kinunue, kifungie, usikiguse, usikisome, subiri bei. Imani hiyo inaangamiza kile kile inachodai kukitunza, na sisi wabeba boksi tuko karibu na maangamizi hayo kuliko tunavyodhani.

Tuanze na hizo bei, maana ndizo zinazowatoa watu udenda. Kati ya 1909 na 1911 kampuni ya American Tobacco ilitia kadi ndogo za wachezaji ndani ya pakiti za sigara, ili pakiti isijikunje na mvutaji apate hamu ya kununua nyingine. Kadi ya Honus Wagner wa timu ya Pittsburgh ilikatizwa mapema. Wengine husema mwenyewe hakutaka watoto wanunue sigara kwa ajili yake, wengine husema hakuridhika na malipo. Zimebaki chache sana, na Agosti 2022 moja iliuzwa dola milioni 7.25. Mwezi huo huo kadi ya Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, ikauzwa dola milioni 12.6. Agosti 2024 jezi aliyoivaa Babe Ruth katika fainali za 1932 ikafika dola milioni 24.12.

Sasa jiulize, kwa nini kadi ya Mantle ni ghali hivyo? Watoto wa 1952 walizichezea kadi zile, wakazibana kwenye tairi za baiskeli zipige kelele, wakakua, mama zao wakazitupa. Topps nao walibakiwa na shehena isiyouzika, na Sy Berger, mmoja wa waliozibuni, alikuwa akisimulia jinsi mwaka 1960 zilivyopakiwa kwenye tishari zikaenda kumwagwa katika bahari ya Atlantiki. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, watu wakajiona wameerevuka. Wakanunua kadi mpya kwa makatoni na kuzifungia, ati zije zisomeshe watoto. Kampuni nazo zikachapa bila kikomo. Makatoni hayo leo unayakuta yamepangwa nje ya nyumba za watu Jumamosi asubuhi, yanauzwa kwa rundo, na mnunuzi hapatikani.

Somo liko wazi. Kilichotunzwa na kila mtu hakina bei, kilichotupwa na kila mtu ndicho kina bei. Soko hili halilipi utunzaji, linalipa upotevu wa vya wenzako. Kijana wetu anayefungia kadi iliyochapwa juzi anarudia kosa lile lile, tena kwa pesa za zamu za usiku.

Na ile namba juu ya kasha? Kadi ya kwanza kabisa kupewa alama na kampuni ya PSA ilikuwa Wagner mmoja, yule aliyenunuliwa mwaka 1991 na Wayne Gretzky pamoja na Bruce McNall kwa dola 451,000. Ilipewa 8 kati ya 10. Mwaka 2013 Bill Mastro, dalali mkubwa wa minada aliyewahi kuimiliki kadi hiyo, alikiri kwamba aliikata kingo ili ionekane safi, na mwaka 2015 akahukumiwa kifungo cha miezi 20 kwa udanganyifu. Yaani kadi ya kwanza kupimwa ilikuwa imechezewa, na mizani ikasema iko sawa. Sahihi za wachezaji nazo ni hivyo hivyo. FBI walipoendesha msako walioupa jina la Operation Bullpen, ulioanza miaka ya 1990, walinasa mipira ya besiboli yenye sahihi za kughushi, na miongoni mwake ulikuwemo mpira "uliosainiwa" na Mother Teresa. Jamani! Mama yule wa Calcutta alikuwa na kazi nyingine.

Lakini tukiishia hapo nitakuwa nimelia na pesa tu, na pesa zinatafutwa. Hasara kubwa ni nyingine.

Katika kadi zile za sigara, ambazo ni zaidi ya 500 za wachezaji mbalimbali, hamna Mmarekani Mweusi hata mmoja. Ligi kubwa zilikuwa zimewafungia mlango, mpaka Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947. Kabla ya hapo Weusi walicheza kwenye ligi zao. Rube Foster aliwakusanya wenye timu mjini Kansas City mwaka 1920 wakaunda ya kwanza iliyosimama imara. Hapa Pittsburgh ninapoishi palikuwa na Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords, na timu zote mbili zilichezewa na Josh Gibson, mdaka mpira aliyeogopwa kwa nguvu ya mkono wake. Gibson alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu tu kabla mlango haujafunguliwa. Kaburi lake lilikaa bila alama mpaka 1975. Wakati watoto wa Marekani walikuwa wakikusanya nyuso za wachezaji Weupe kutoka kwenye pakiti za sigara na za ubani, hakuna aliyeona haja ya kuwatilia na uso wa Gibson.

Basi tumejuaje kwamba alikuwa bora? Desemba 2020 uongozi wa ligi kuu ulitambua kwamba ligi saba za Weusi za kati ya 1920 na 1948 nazo zilikuwa ligi kuu. Mei 2024 takwimu zake zikaingizwa rasmi vitabuni, na Gibson akawa wa kwanza katika historia yote kwa wastani wa kupiga, .372, akimpita Ty Cobb mwenye .367. Takwimu hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Watu waliojitolea walikaa miongo na miongo wakichambua magazeti ya Weusi kama Pittsburgh Courier na Chicago Defender, na daftari na karatasi za michezo, wakijumlisha pigo moja moja. Na kazi haijaisha. Mwaka huo wa 2024 ilikadiriwa kwamba rekodi zilizopatikana ni kama asilimia 72. Nyingine hazikuandikwa popote. Nyingine ziko kwenye maboksi.

Nasema hivyo kwa sababu boksi moja nililitupa mimi.

Kazi yangu ya kwanza hapa ilikuwa kuhamisha vyombo vya marehemu. Mtu anafariki, watoto wake wako majimbo ya mbali, kampuni inaitwa, nyumba inatakiwa iwe tupu kufikia Ijumaa. Katika nyumba ya mzee mmoja Mweusi mtaa wa Hill District, chumba cha chini kilijaa maboksi. Akaja dalali na tochi yake. Akachukua mpira mmoja wenye sahihi na glavu mbili. Lilibaki boksi la viatu lililojaa vijitabu vya karatasi duni, vile vilivyokuwa vikiuzwa getini siku ya mchezo, na kila kimoja kilikuwa kimejazwa kwa penseli: visanduku, tarakimu, vistari, vidoti. Majina ya Grays na Crawfords niliyaona, ila hayakuniambia kitu. Dalali akafunua viwili vitatu, akasema, "Vimeandikwaandikwa hivi, havina bei." Msimamizi akanionyesha pipa la taka kwa kidole. Nikabeba.

Miaka mingi baadaye ndipo mzee mwenzangu wa kazini aliponifundisha kusoma karatasi zile. Kila mchezaji ana namba ya mahali anaposimama: mrushaji ni 1, mdaka ni 2, na kuendelea mpaka 9. Ukiona 6-4-3, ujue mpira ulidakwa na aliyesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, akampa wa kituo cha pili, naye akampa wa kituo cha kwanza, watu wawili wakatoka. K ni aliyekosa mara tatu. Mwenye karatasi iliyojazwa anaweza kuurudisha mchezo mzima mezani, zamu kwa zamu, hata kama gazeti halikuuandika. Alichokiita dalali uchafu ndicho kilichokuwa ushahidi. Yule mzee alikaa kwenye benchi na penseli yake, akawashuhudia watu ambao nchi yao haikutaka kuwaandika, akautunza ushahidi wake mpaka anakufa, na mimi nikaumwaga kwenye pipa kwa dola tisa za saa. Inawezekana mlikuwemo michezo ambayo haimo katika ile asilimia 72. Kila nikisoma habari za takwimu hizi, lile boksi la viatu linanirudia.

Najua nitajibiwa. Wa kwanza atasema: "Mzee, bei ndiyo iliyookoa vitu hivi. Ungejua karatasi zina pesa, ungezitupa?" Nakubali, nisingezitupa. Lakini bei huokoa kile tu ambacho soko limekwisha kukipa jina. Ruth ana jina, kwa hiyo jezi yake ilisakwa na kulinganishwa na picha za siku ile mpaka ikathibitishwa. Penseli ya mzee asiye na jina ina nani? Na hata karatasi inayopata bei, mara nyingi hufungiwa kwenye sefu bila hata kupigwa picha. Mtafiti hataiona. Imeepuka pipa ikaingia kaburini.

Wa pili atasema: "Hii si historia yetu. Sisi tumekuja kutafuta, tutarudi." Wangapi wamerudi? Watoto wetu wanasoma hapa, na mwalimu akiita majina hatofautishi aliyetoka Kigoma, Bukavu au Mombasa na mjukuu wa Hill District. Mlango aliousukuma Robinson ndio wanaopitia. Tena besiboli imekwisha kufika kwetu. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walishinda nafasi ya kuja kwenye mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, katika jimbo hili hili la Pennsylvania, wakanyimwa viza. Mwaka 2012 wenzao wa Lugazi wakafika, timu ya kwanza kutoka Afrika, wakaifunga timu ya Oregon 3-2. Nani kati yetu ametunza tiketi, karatasi ya mchezo au picha ya siku zile? Tukisubiri mpaka soko lizipe bei, tutazisikia zimetupwa.

Kwa hiyo nasema na ninyi mnaobeba maboksi, mnaosafisha nyumba, na zaidi ninyi dada zangu mnaolea wazee majumbani. Hakuna mtaalamu wa makumbusho anayeingia nyumba nyingi za wazee kama mnavyoingia ninyi. Mkikuta boksi la karatasi za michezo, jezi, barua au picha za timu ambazo hamkuzisikia, msichukue kitu, maana mali ya watu ni mali ya watu. Waambieni wenyewe. Mwulizeni mzee angali hai awasimulie. Waambieni watoto wake kwamba Kansas City kuna Makumbusho ya Ligi za Weusi, yaliyoanzishwa mwaka 1990, na Cooperstown kuna maktaba ya besiboli, na kwamba picha ya kila ukurasa haimpunguzii mtu senti.

Nawe kijana wa dola mia nne, kusanya, sikukatazi. Ila nunua kitu unachoweza kukisoma, na ukisha kukisoma waonyeshe wenzako. Januari 2024, huko Wichita, Kansas, wezi waliikata sanamu ya shaba ya Jackie Robinson miguuni wakaondoka nayo. Vilibaki viatu tu. Viatu hivyo vilipelekwa kwenye makumbusho ya Kansas City, havikufungiwa kwenye sefu. Peleka mwanao akavione, na mkiwa njiani mfundishe 6-4-3. Kasha lako la plastiki halitamfundisha.

Wasalaam,
Mbeba boksi mwenzenu, Pittsburgh