Kusi, Setilaiti na Istilahi za Bahari

Watungao istilahi za sayansi ya bahari kwa Kiswahili aghalabu huanzia kwenye orodha ya Kiingereza, kisha hutafuta neno la kulinganisha. Desturi hiyo ina hasara, na mfano wa vipimo vya setilaiti watosha kuidhihirisha.

Tangu TOPEX/Poseidon, setilaiti ya Marekani na Ufaransa, iliporushwa mwaka 1992, kimo cha uso wa bahari kimekuwa kikipimwa kwa rada kwa miaka mfululizo. Maji hayako sawasawa kama wengi wadhaniavyo. Yana miinuko na mabonde, na kutokana na miteremko yake wataalamu hukokotoa mwendo wa mikondo. Katika pwani ya Somalia, wakati wa kusi, vipimo huonyesha mkondo wenye nguvu ukielekea kaskazini, na kando yake maji yakizunguka katika duara lenye upana wa mamia ya kilomita. Kaskazi ivumapo, mkondo huo hugeuka.

Baharia wa Lamu au Unguja hutumia neno moja, kusi, kwa upepo na kwa majira yake pia. Upepo, majira na bahari havitenganishwi. Nao ndio uhusiano unaothibitishwa na setilaiti. Vitabu vya jiografia, hata hivyo, vimependelea "pepo za monsuni". Ajabu ni kwamba asili ya monsuni ni mawsim ya Kiarabu, neno lile lile lililozaa msimu!

Gumu zaidi ni jina la yale maji yazungukayo. Kimbunga ni cha upepo. Mzingo umeshachukuliwa na wanahisabati, na mkondo umeelemewa: upo wa maji, wa umeme, hata wa darasa. Kisulisuli cha maji chaeleweka, ila humfanya msomaji afikirie jambo dogo la kupita, ilhali duara la Somalia hudumu kwa miezi.

Kabla ya uamuzi wowote wa ofisini, hapana budi wavuvi waulizwe. Rada zenyewe hupungukiwa usahihi karibu na nchi kavu, kwa kuwa mwangwi wa ardhi huchanganyika na wa maji. SWOT, iliyorushwa Desemba 2022, imepunguza kasoro hiyo bila kuiondoa. Kati ya Unguja na bara, basi, maneno ya mvuvi ni data ya mwanaisimu na ya mwanasayansi vilevile. Wanafunzi wa uzamili watafutao mada za tasnifu wangeweza kuanzia Nungwi, Kilwa Kivinje au Pate, wazee wenye maneno hayo wangali hai.